Mvua ilitukuta Morningside kikundi kikagawanyika, nani alikuwa sahihi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar, nalifupisha ili na wengine waelewe. Ana kikundi cha matembezi, watu ishirini na kitu, wengi ni wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi wawili watatu. Wamepanda treni ya SGR Jumamosi asubuhi mpaka Morogoro, wakapanda milima ya Uluguru kuelekea Morningside, pale penye jumba la zamani la Wajerumani, wameanza kutembea kama saa nne na nusu. Saa saba mawingu yakashuka, ngurumo, mvua kubwa. Nusu wakataka kuendelea kwa sababu "tumebakiza kidogo tu", nusu wakageuka. Waliogeuka wakajibanza chini ya mti mkubwa, dada mmoja akaanza kutetemeka mpaka akawa anaongea maneno hayaeleweki, na waliporudi chini wakakuta kijito walichoruka asubuhi kimejaa, wakavuka wameshikana mikono. Wote wamefika salama lakini sasa grupu la WhatsApp halikaliki, kila mtu anamlaumu mwenzake. Dada anauliza: tungeghairi toka mwanzo? Nani alikuwa sahihi, waliogeuka au walioendelea? Na Desemba tunataka kurudi, tufanyeje?

Dada yangu pole sana, na kwanza shukuru Mungu mmerudi wote. Nakujibu kama mtu ninayeongoza watu kwenye hii milima, sitakurembea.

Waliogeuka walikuwa sahihi na walioendelea walikosea, hilo halina mjadala, ila sio hapo mlipoharibu. Mliharibu mlipokubali kuwa vikundi viwili na nyie hamkuwa mmejiandaa kuwa vikundi viwili. Mwenyeji wenu wa kuwaonyesha njia alikuwa mmoja, si ndio? Alienda na upande gani? Kwenye maelezo yako naona alienda na wale wa juu kwa sababu ndo waliokuwa wanampigia kelele, kwaiyo nyie mliogeuka mkashuka bila mtu anayejua njia, bila chai, na mgonjwa mkawa naye nyie. Na wale wa juu hawakujua kama nyie mmefika ama mmekwama maana mtandao kule kwenye makorongo unakuja na kuondoka. Hiyo ndo hali inayoua watu milimani, mvua yenyewe hata haihitaji kuwa kubwa.

Sasa kuhusu kughairi. Hapa watu wa Dar huwa mnachanganya kitu kimoja, mnaangalia simu inakwambia Morogoro mawingu kiasi, mnafurahi. Simu inakupa hali ya mjini. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari na umekaa upande wa kaskazini magharibi wa mlima, yani upande usiopigwa na upepo wa bahari. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga Uluguru upande wa mashariki kule Matombo na Kinole, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa na ukipoa unamwaga maji. Ndo maana mashariki kule mvua ni nyingi kweli kweli na mjini unaweza kukaa wiki nzima vumbi linakupiga. Kwaiyo wewe unapanda toka mjini unaona nyuma yako kweupe mpaka bwawa la Mindu, jua linawaka, unajiambia leo safi, kumbe mvua inajikusanya nyuma ya mgongo wa mlima ambako huoni kabisa, inakuja kumwagika ikitokea juu yako. Ukiuliza kina mama wa Kiluguru wanaoteremsha mboga na matunda sokoni asubuhi watakwambia, wao wanaangalia kule juu kwenye vilele vya Bondwa na Lupanga, wingu likianza kukaa kwenye kilele na kushuka kwenye msitu wanajua saa sita saba linafika njiani. Kina mama wenyewe saa hizo mnapishana nao wanarudi nyumbani na nyie ndo kwanza mnaanza kupanda, hapo tu mngejiuliza.

Muda ndo kitu cha kwanza ambacho ningebadilisha. Mvua za ngurumo kwenye milima yetu nyingi zinakuja mchana kwenda jioni, ardhi inapata joto asubuhi, hewa inapanda, ikifika mchana mawingu yameshakuwa marefu. Mtu akianza saa kumi na mbili asubuhi anafika Morningside saa tatu, anapiga picha kwenye lile jumba la zamani la Wajerumani, anakula ndizi yake, saa saba yuko mjini anakula wali nyama. Aliyeanza saa nne na nusu anakuwa sehemu mbaya kabisa ya njia kwenye saa mbaya kabisa ya siku. Treni ni nzuri asee, imerahisisha sana tangu ianze hiyo Juni 2024, lakini imewafanya watu waone Uluguru ni kitu cha kwenda na kurudi siku moja. Stesheni yenyewe haiko katikati ya mji, mpaka mpate usafiri, mnunue maji, mkusanyane, wengine waende chooni, mmepoteza saa nzima na nusu.

Utabiri uangalie lakini uangalie wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, sio picha ya wingu kwenye simu. Wanatoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano, na huwa wanataja maeneo, huku kwetu mara nyingi tunasomwa pamoja na ukanda wa pwani ya kaskazini, "Dar es Salaam, Pwani, Tanga na kaskazini mwa mkoa wa Morogoro". Kuna ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Msimamo wangu ni huu: likitoka angalizo la mvua kubwa naenda njia fupi ya chini tu na naanza alfajiri, ikitoka tahadhari siendi, na tahadhari kubwa hata wewe mwenyewe Dar usitoke bila sababu. Siku yenu ile kwa unavyosema angalizo lilikuwepo na mtu alilituma kwenye grupu, watu wakaweka emoji za kucheka. Kwaiyo ndio, mngeghairi kupanda, sio lazima kughairi safari.

Na hapo kuna jambo la hela ambalo watu hawalisemi. Mmechanga, nauli imelipwa, kuna mtu kaomba ruhusa kazini, kuna mtu kanunua raba mpya. Kichwa cha mtu hapo hakifikirii mvua, kinafikiria hela itapotea. Mimi nawaambia viongozi wa vikundi waseme kabla ya kuchangisha kwamba hela hii ni ya safari ya Morogoro, kupanda itategemea hali ya hewa, na mpango wa pili uwepo tayari na uwe mtamu. Mkitembea tu barabara za ndani kule SUA, chuo kikuu cha kilimo, miguuni mwa mlima, mkaenda upande wa Mindu kuangalia bwawa, mkamalizia na nyama choma, hakuna atakayedai chake. Mkisema "tutaona hukohuko" mmeshajifunga, maana hukohuko kila mtu ana hamu na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.

Mwenye kauli ni nani? Hili lijulikane mkiwa bado chini na wakavu. Sio kura. Kura inapigwa mkiwa mmekaa, kwenye mvua anayeshinda ni mwenye sauti kubwa na mara nyingi mwenye sauti kubwa ndo mwenye miguu mizuri, yeye hajachoka haoni shida. Chagueni mtu mmoja, mwenyeji akiwepo basi ni yeye, akisema tunageuka tunageuka wote hata kama kilele kinaonekana. Alafu wekeni saa ya kugeuka, mkiwa mmeanza saa kumi na mbili semeni saa nne kamili popote tulipo tunarudi, mtu apende asipende. Jua letu halisubiri mtu, saa moja jioni giza linaingia na kwenye msitu linaingia mapema zaidi, sasa piga hesabu kikundi chenu kingekuwa na mtu aliyeteguka mguu saa kumi jioni.

Kutembea kwenyewe, mwenyeji mbele, mtu mzoefu wa pili nyuma kabisa na huyo haruhusiwi kupitwa na mtu yeyote hata kama ana haraka gani, na anayetembea taratibu anawekwa karibu na mbele ili mwendo uwe wake. Watu wanaona aibu kuwekwa mbele lakini ukimwacha nyuma anakuwa anakimbia siku nzima kuwafikia, mkisimama kupumzika yeye ndo anafika na nyie mnaondoka, huyo ndo wa kwanza kuishiwa.

Sasa tuje kwenye mti. Dada, ule mti mngeuacha. Najua mvua inapiga na mtu anatafuta pa kujificha, lakini mti mrefu uliosimama peke yake ndo radi inapopenda, na ikipiga mti inaruka kwa aliyekaribu au inasambaa ardhini kupitia mizizi ambayo nyie mmeikanyaga wote mmebanana, pigo moja linaangusha kumi. Toka umeme umulike mpaka usikie ngurumo hesabu sekunde, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30 radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia wewe, hapo mnashuka toka mgongoni mwa kilima, mnaachana na miti ya peke yake na minara, mnaachiana nafasi ya mita kadhaa mtu na mtu ili ikipiga wabaki wa kusaidia. Na hamwendelei mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho. Sehemu salama hasa ni ndani ya nyumba ya kuta au ndani ya gari lenye bati juu, kibanda cha wazi cha nyasi hakikusaidii kitu zaidi ya kukukinga matone. Na njia ile ya Morningside sio pori la peke yake, kuna nyumba za watu na mashamba karibu njia nzima ya chini, mnapiga hodi, mnasema shikamoo mama tumekutwa na mvua, hakuna Mluguru atakayewafukuza. Vijana wa mjini mnaona aibu kupiga hodi ila hamuoni aibu kusimama chini ya mti. (Nimeona pia kuna mtu kwenye grupu lenu kamlaumu dada aliyevaa nguo nyekundu kwamba ndo kavuta radi. Mwacheni jamani, rangi ya nguo haina kazi hapo, na kioo cha mkoba wake pia hakina.)

Huyu aliyetetemeka ndo amenitisha kuliko vyote, kuliko hata radi. Mnadhani baridi ya kuua iko Kilimanjaro peke yake. Ukipanda kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi sita hivi, Morningside ni kama mita 1,300 kwaiyo mjini kukiwa 28 kule ni 23, sio baridi hata kidogo ukiwa mkavu. Lakini mvua ikianguka inashusha na hewa baridi, upepo unapiga, umelowa mpaka ndani, umevaa jinsi na tisheti ya pamba ambazo zikilowa zinashika maji na kunyonya joto lako lote, umechoka na hujala toka chapati ya asubuhi. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ndo unaanza kuona yale mliyoyaona, anatetemeka, vidole havishiki, anajikwaa sehemu ambayo hamna kitu, anaongea kama mlevi, anakuwa mkali au anasema niacheni nilale. Mei 2021 kule Gansu China kuna mbio za milimani zilikutwa na mvua ya barafu na upepo, wakafa wakimbiaji 21, watu wa mazoezi wenye miili imara kuliko sisi wote humu, wengi walikuwa na kaptula na nguo nyepesi. Kule ni juu na baridi yake ni nyingine, lakini mwili unavyoishiwa ni vilevile.

Mlichomfanyia kwa maelezo yako, mmoja alimsugua mikono na miguu kwa nguvu, mwingine akampa Konyagi kidogo "apate joto". Nia nzuri, ila pombe inafungua mishipa ya ngozi, anajisikia joto wakati joto lenyewe linatoka nje, na kusugua kunasukuma damu ya baridi kwenda moyoni. Cha kufanya ni kumtoa kwenye upepo, kumvua vilivyolowa vyote mpaka soksi, aibu mtaongea baadaye, kina dada wazungushe kanga. Mnamfuta, mnamvika kikavu chochote kilichopo, kichwa kinafunikwa, anakalishwa juu ya mabegi asigusane na ardhi, anafungwa shuka la Kimasai na juu yake nailoni, mtu mkavu anakaa naye amemkumbatia. Akiwa anaweza kumeza vizuri mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi, au hata soda na biskuti, mwili unataka kuni. Akiacha kutetemeka na bado amechanganyikiwa msishangilie kwamba amepona, hapo ndo hali imekuwa mbaya, mnambeba taratibu amelala, mnapiga 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji na mnatuma watu wawili, sio mmoja, kwenda kuita wenyeji. Na mwambie huyo dada, kama bado anasikia kifua au uchovu usioisha, aende akaonekane hospitali.

Kwenye mabegi basi, kila mtu awe na nguo moja kavu iliyofungwa kwenye nailoni na haifunguliwi mpaka kuwe na shida, koti la mvua la kweli na sio mwavuli maana mwavuli kule unageuka na kukuvuta, tochi yenye betri hata kama mnarudi mchana. Kikundi kizima kiwe na chupa mbili za chai, shuka mbili nzito na vile vipande vya nailoni ngumu wanavyokata kwa mita madukani, mita nne inafunika watu sita wakikaa wamebanana. Gharama yake ni ndogo kuliko ile keki mliyobeba.

Nimalizie na maji maana hapa nusura muandikwe magazetini. Kijito mlichoruka asubuhi kilijaa kwa sababu mvua ilinyesha huko juu kinakotoka, sio juu yenu tu, na vijito vya mlimani vinapanda kwa dakika. Kenya, Aprili 2012, kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa kwenye matembezi ndani ya korongo la Hell's Gate kule Naivasha, maji yakaja ghafla yakachukua vijana saba, na 2019 palepale watu wengine wakafa kwa namna ileile. Dalili ni kwamba maji yanabadilika rangi yanakuwa ya udongo, yanaanza kubeba majani na vijiti, na sauti inabadilika unasikia mngurumo. Ukiona kimoja tu kati ya hivyo toka kwenye mkondo panda pembeni. Na kama mnataka kuvuka kumbukeni mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, yakifika magotini na yanakimbia hamvuki, basi. Kushikana mikono mstari mmoja mkikatiza mto ndo hatari zaidi, mmoja akiteleza anavuta wenzake. Kizuri ni kwamba vijito hivi vidogo kama vinavyojaa haraka ndo vinavyopungua haraka, mvua ikikata mnasubiri saa mbili tatu yanashuka, na mkiwa na chai na shuka kusubiri sio adhabu. Kulala kwa mwenyeji mpaka asubuhi pia sio mwisho wa dunia, treni ina siku nyingine.

Udongo pia mnauangalia. Ule mwekundu wa Uluguru ukilowa unateleza kama sabuni, wengi wanavunjika viungo wakati wa kushuka sio kupanda, kata fimbo. Na mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo msiguse kabisa njia za kwenye miteremko mikali, huku milima inaporomoka kweli. Februari 1970 kule Mgeta mvua ya masaa machache tu ilileta maporomoko zaidi ya 1,000, na yaliyotokea Katesh chini ya Mlima Hanang Desemba 2023 hakuna aliyesahau.

Sasa Desemba yenu. Vuli huku inaanza Oktoba na Desemba bado inaendelea, mimi ningekuwa wewe ningesogeza mpaka mwishoni mwa Januari au nisubiri Juni mpaka Septemba ambapo njia ni kavu na mawingu yapo ila hayana hasira. Najua hamtasogeza kwa sababu ya likizo. Basi njooni Ijumaa jioni, mlale mjini, gesti za bei ya kawaida zipo nyingi. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi muwe mnatembea, wenyeji wawili na sio mmoja kwa watu ishirini, mkigawanyika kwa sababu yoyote kila upande una wake. Mtu mmoja aliyebaki mjini awe na orodha ya majina na namba, na mmwambie saa ngapi aanze kuwatafuta kama hamjapiga. Mpango ni Morningside tu, habari za Bondwa na minara yake wekeni mwaka ujao. Tiketi za kurudi kateni za Jumapili, sio Jumamosi jioni, maana mtu mwenye tiketi ya saa kumi na mbili jioni mfukoni mto ukijaa atavuka tu.